Chai Ikimwagika Kwenye Zulia: Nyonya, Usisugue

Ni Jumapili jioni, wageni wamekaa. Mtoto anapita mbio, anagonga meza, na kikombe cha chai ya maziwa kinamwagika kwenye zulia. Mwenye nyumba anakimbilia brashi, sabuni ya unga na maji moto, kisha anasugua kwa nguvu. Kesho yake doa limepanuka. Siku ya tatu chumba kinanuka maziwa yaliyochacha.

Mama huyu alifanya kazi kubwa, ila alianza na hatua isiyofaa. Doa bichi hunyonywa kwanza.

Kwa nini tujali?

Katika nyumba zetu nyingi, zulia ndipo mtoto anapotambaa, mwanafunzi anapoandikia na mgeni anapotandikiwa usiku. Zulia lililobaki na unyevu huota ukungu upande wa chini tusikoona. Ukungu huo huweza kuleta chafya, kikohozi na macho kuwasha, na humzidishia shida mwenye pumu.

Maji moto yana kosa gani?

Maziwa yana protini. Joto huigandisha kwenye nyuzi, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango. Majani chai nayo yana tanini, ile rangi inayobaki ndani ya kikombe. Ukisugua, unavisukuma vyote chini zaidi na kuchakaza nyuzi.

Hatua za kufuata

1. Tazama umeme. Kama kinywaji kimefika kwenye ekstensheni au waya, usiguse hapo. Zima umeme kwanza, mikono ikiwa mikavu.

2. Nyonya. Chukua taulo kuukuu au kitambaa cha pamba kisichochuja rangi. Bonyeza kuanzia ukingoni kuelekea katikati, ukigeuza upande mkavu kila mara. Kama ni uji, uzoe kwanza kwa kijiko.

3. Nyunyizia maji baridi kidogo, kisha nyonya tena. Usimwage maji. Kwa soda na sharubati, rudia hadi nyuzi zisinate, kwa sababu sukari iliyobaki huvuta sisimizi na vumbi.

4. Tumia sabuni kidogo. Tia robo kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika kikombe kimoja cha maji yasiyo moto. Jaribu kwanza kwenye pembe iliyofichika uone kama rangi inachuja. Lowesha kitambaa, bonyeza kwenye doa, ngoja dakika 5, kisha nyonya. Suuza kwa kitambaa chenye maji safi hadi povu liishe.

5. Rangi ya chai ikibaki, changanya sehemu 1 ya siki nyeupe na sehemu 2 za maji. Bonyeza kwa kitambaa, kisha suuza.

6. Kausha. Hapa ndipo wengi hushindwa, hasa msimu wa mvua. Zulia likauke ndani ya siku 1 au 2. Lianike nje, pande zote mbili. Kama ni kubwa mno, inua sehemu iliyolowa uweke kigoda chini yake, futa sakafu na ufungue madirisha hewa ipite.

Kazi hii yote huhitaji vikombe vichache tu vya maji, jambo la maana kwa anayenunua maji kwa mtungi.

Onyo kuhusu blichi

Usimwage blichi kwenye zulia. Huondoa rangi na huharibu sufu. Hatari kubwa zaidi ni kuichanganya: blichi ikikutana na siki au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu. Usiitumie pia palipo na mkojo au dawa yenye amonia, kwa sababu hutoa gesi nyingine yenye sumu. Ikitokea, toka nje na watoto mara moja, acha mlango wazi, na anayepumua kwa shida apelekwe kituo cha afya. Nambari za dharura ni 999 au 112.

Usiweke blichi wala mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hatambui tofauti. Akinywa, usimtapishe, mkimbize hospitalini na uibebe chupa hiyo.

Neno kwa wazazi

Mtoto anayeogopa kuchapwa hufunika doa kwa mto na kunyamaza. Ukija kuligundua, limeshakauka na kunuka. Mfundishe aseme mara moja na alete kitambaa mwenyewe. Hata mtoto wa miaka sita anaweza kubonyeza.

Jipime

- Kwa nini tunaanzia ukingoni mwa doa?
- Ni vitu gani havifai kukutana na blichi?
- Zulia lako likilowa leo usiku na mvua inanyesha, utalikaushaje?

Jadilianeni nyumbani. Swali la tatu lipatieni jibu kabla kikombe hakijamwagika.