Mgodi na Majirani Zake: Maswali na Majibu ya Kujiandaa na Mtihani

Wanafunzi wengi wa maendeleo ya jamii wakiulizwa jinsi kampuni ya madini inavyojenga uhusiano wa kudumu na wananchi huorodhesha madarasa, visima na zahanati. Jibu hilo halitoshi. Madarasa ni mazuri, lakini hayalipi deni la fidia. Somo zima limekaa hapo, nami nakuomba ulisome kwa mpangilio huo: haki kwanza, misaada baadaye.

Swali la 1. Uhusiano wa mgodi na kijiji huanza lini?

Huanza siku gari la watafiti linapoegeshwa nje ya ofisi ya kijiji, miaka mingi kabla ya dhahabu ya kwanza kuyeyushwa. Wachorongaji hupita kwenye mashamba, hukanyaga mihogo, huacha mashimo. Wakijitambulisha kwa mtendaji na kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wakaeleza wanatafuta nini, wakalipa walichoharibu, kampuni itakayokuja kuchimba itapokelewa vizuri. Wasipofanya hivyo, meneja atakayekuja baadaye ataanza kazi akiwa na deni asilolijua.

Hapa gusia sheria. Madini ni mali ya Watanzania wote, yamewekwa chini ya Rais kama mdhamini wao. Ndiyo maana kampuni huomba leseni serikalini. Lakini leseni hiyo haifuti haki ya mwanakijiji juu ya ardhi yake.

Swali la 2. Eleza fidia ya ardhi inavyokokotolewa, na kwa nini ndiyo chanzo kikubwa cha migogoro.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zimeeleza vipengele vyake: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na faida iliyopotea. Posho ya usafiri hukokotolewa kwa gharama ya kubeba tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20. Posho ya makazi ni pango la nyumba kwa miezi 36, na faida ya biashara nayo huhesabiwa kwa miezi 36. Malipo yakipita miezi 6 yanaanza kudaiwa riba. Uthamini wenyewe huisha nguvu baada ya miaka 2, na hapo lazima urudiwe.

Jifunze namba hizi, lakini ujue pia siku ya uthamini inavyokuwa. Mthamini anafika na futi kamba na fomu, pamoja na mtendaji wa kijiji. Nyumba inapimwa ukuta kwa ukuta, migomba na miembe inahesabiwa, kisha mwenye mali anapigwa picha mbele ya nyumba yake akiwa ameshika kibao chenye namba. Tangu dakika ile anaambiwa asijenge wala asipande mazao ya kudumu. Sasa fikiria malipo yanachelewa mwaka, miaka miwili. Paa linavuja, hathubutu kulibadili. Mtoto anaoa, hawezi kuongeza chumba. Bei ya mabati imepanda, ile iliyo kwenye fomu haijapanda. Mtu huyu hawezi kuuona mgodi kama jirani, hata ukimjengea zahanati mlangoni.

Ongeza na hili, kwani watahiniwa huliacha: fidia ikilipwa kwa mume peke yake, mara nyingi mke hubaki na watoto bila shamba na bila fedha. Wote wawili waisaini fomu, na malipo yapitie benki.

Swali la 3. Tegesha ni nini, na ofisa mahusiano afanye nini?

Ndivyo watu wa Nyamongo, wilayani Tarime, wanavyoziita nyumba na mazao yanayowekwa haraka eneo linaposikika kuwa litatwaliwa na mgodi, ili mwenyewe alipwe. Kampuni huona ni udanganyifu. Mwananchi huona ni njia pekee ya kupata kitu kabla ardhi haijaondoka. Mimi naona tegesha hustawi pale ambapo mipaka ya eneo haijatangazwa na tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali haijulikani. Dawa yake ni kutangaza mipaka na tarehe hiyo hadharani, kwenye mkutano, kisha kufanya uthamini mara moja. Ukikaa miaka bila uamuzi, umewakaribisha wajenzi mwenyewe.

Swali la 4. Sheria ya Madini inasemaje juu ya Wajibu wa Kampuni kwa Jamii?

Marekebisho ya mwaka 2017 yaliweka kifungu cha 105 katika Sheria ya Madini. Mwenye leseni ya madini anatakiwa kuandaa mpango kila mwaka, akubaliane na halmashauri husika, kwa kushauriana na waziri wa serikali za mitaa na waziri wa fedha. Halmashauri ndiyo inayosimamia utekelezaji. Kabla ya hapo kampuni ilijenga ilichotaka, mahali ilipotaka, na kijiji kingeweza kupata jengo la zahanati lisilo na mganga.

Usichanganye mpango huu na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mapato, ambao ni kodi ya halmashauri, wala na mrabaha, ambao huenda serikali kuu na kwa dhahabu kwa kawaida ni asilimia 6. Mtahini hupenda kuuliza tofauti hizi kwa sababu wananchi nao huuliza: "Mgodi unasema umelipa, mbona kwetu hatuoni?" Jibu la kweli ni kwamba fedha nyingi haziishii kijijini. Anayetaka kujenga imani abandike hesabu hizi kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, kwa shilingi na kwa Kiswahili.

Swali la 5. Toa mfano wa makubaliano yanayounganisha uzalishaji na maendeleo ya jamii.

Baada ya mgogoro mrefu wa kodi na makinikia (mchanga wenye madini), Serikali na kampuni ya dhahabu ya Barrick waliunda kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Barrick iliahidi kutenga hadi dola 6 kwa kila wakia ya dhahabu iliyouzwa kutoka North Mara na Bulyanhulu kwa ajili ya miradi ya jamii. Faida yake ni kwamba mwananchi anaweza kuhesabu mwenyewe: wakia kadhaa, dola kadhaa.

Swali la 6. Jadili nafasi ya wachimbaji wadogo.

Mahali pengi mgodi mkubwa ulikuta watu tayari wanachimba. Bulyanhulu, mwaka 1996, wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu kupisha kampuni, na habari ile bado inasimuliwa Kahama na Shinyanga. Geita wao walidai magwangala, yaani mabaki ya mawe ya mgodi ambayo bado yana dhahabu kidogo. Kwa mgodi ni takataka. Kwa kijana mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, ni ada ya shule ya mdogo wake. Kumgawia mtu magwangala kunataka utaratibu: nani anapata, yanamwagwa wapi, mawe yamepimwa kama ni salama. Lakini kumnyima bila maelezo huku akiyaona yanarundikwa kuwa kilima ni kumwambia kwamba hana chake pale.

Swali la 7. Kwa kutumia mifano, eleza umuhimu wa njia ya kupokea malalamiko.

Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 na umepita kwa wamiliki kadhaa, kuanzia Afrika Mashariki Gold Mines na Placer Dome hadi Barrick. Kila mmiliki mpya alirithi malalamiko ya aliyemtangulia: fidia, maji, vijana wanaoingia mgodini kuokota mawe. Tarehe 16 Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi mgodini hapo. Baadhi ya madai ya wananchi yaliishia mahakamani London, yakamalizwa kwa makubaliano mwaka 2015. Kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui nako, mwaka 2021, Petra Diamonds ilikubali kumaliza shauri la London kwa makubaliano ya pauni milioni 4.3, na kuanzisha utaratibu wa kushughulikia malalamiko.

Somo liko wazi: lalamiko lisilopata mlango kijijini husafiri mpaka Ulaya. Dawati zuri la malalamiko liko nje ya geti, ili mtu asiombe ruhusa ya mlinzi anayemlalamikia. Huandika lalamiko kwenye daftari mbele ya mlalamikaji, humpa namba na tarehe ya kurudishiwa majibu, na humwachia haki ya kwenda mahakamani.

Swali la 8. Linganisha Tanzania na Kenya kwa ufupi.

Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 hugawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii inayozunguka mgodi. Pia kampuni hutakiwa kuingia mkataba wa maendeleo na jamii na kuchangia asilimia 1 ya mapato yake ghafi. Kwenye karatasi Kenya imemkaribia zaidi mwanakijiji. Kwa vitendo, watu wa Kwale waliokaa jirani na mgodi wa Base Titanium walisubiri asilimia zao 10 kwa miaka mingi.

Swali la 9. Mgodi ukifungwa, uhusiano huishia wapi?

Base Titanium ilimaliza uchimbaji Kwale mwishoni mwa 2024. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulisimamisha uzalishaji 2021, na eneo lake likapangwa kuwa la viwanda. Katika jibu lako onyesha kwamba mipango ya kufunga huanza mgodi ukiwa bado na fedha: nani atalilinda bwawa la topesumu (mabaki ya matope yenye kemikali), mtambo wa maji utaendeshwa na nani, fundi aliyefunzwa kulehemu atapata wapi kazi.

Swali la 10. Vijana wamefunga barabara ya mgodi kwa magogo. Mgodi uliwajengea zahanati mwaka jana. Wewe ni ofisa mahusiano. Utafanya nini?

Nenda na meneja mwenye mamlaka ya kuamua, si mlinzi. Pitia kwa mwenyekiti wa kijiji na wazee. Sikiliza mpaka mwisho bila kujibu. Andika kila dai na jina la aliyelitoa. Tenganisha madai ya haki, kama fidia iliyochelewa, na maombi, kama ajira zaidi. Kwa madai ya haki toa tarehe ya malipo palepale, au useme kwa nini huwezi na lini utajua. Zahanati usiitaje katika mkutano huo.