KUHESABU WATU WANAOHAMA NCHI

Huenda kijijini kwenu yupo mtu aliyetoka nchi nyingine. Huenda pia yupo ndugu yenu aliyekwenda nchi ya mbali na hajarudi. Je, watu wa namna hii wanahesabiwaje? Tuanzie mpakani.

Mto Kagera unapita kati ya Tanzania na Rwanda. Pale Rusumo, wilayani Ngara, lipo daraja. Tuseme mama mmoja anavuka daraja hilo asubuhi kwenda kuuza maharage. Jioni anarudi kwake. Kesho anavuka tena. Ofisa wa mpakani akiandika kila anayevuka, kwa siku 10 ataandika mistari 20. Lakini mtu ni mmoja, na wala hakuhama. Kila siku analala kwake.

Sasa mfikirie kijana aliyevuka mara moja tu, amejitwika godoro lake. Akakaa upande wa pili miaka mitano. Huyu amehama. Lakini katika daftari la mpakani ana mstari mmoja tu.

Unaona basi kwamba kuhesabu wanaovuka si sawa na kuhesabu wanaohama. Kwanza lazima tukubaliane nani amehama. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulipendekeza kipimo. Mtu aliyehamishia makazi yake nchi nyingine kwa mwaka mmoja au zaidi ahesabiwe kuwa mhamiaji wa muda mrefu. Kipimo ni kizuri, lakini ofisa wa mpakani atajuaje mtu atakaa muda gani? Atamwuliza tu. Pengine kijana mwenyewe hajui. Na wanaopita njia za panya hawaulizwi na mtu.

Njia ya pili ni sensa. Karani anapita kaya kwa kaya akiuliza: Ulizaliwa wapi? Wewe ni raia wa nchi gani? Kwa majibu hayo nchi inajua watu wangapi wametoka nje. Umoja wa Mataifa hukusanya hesabu za nchi nyingi. Ulikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 281 walikuwa wakiishi nje ya nchi zao. Katika kila watu 100 duniani, hao hawafiki 4.

Hata hivyo, sensa ina upungufu wake. Aliyeondoka hayupo nyumbani kumjibu karani. Tena sensa hufanyika baada ya miaka mingi. Tanzania ilifanya sensa mwaka 1988, kisha mwaka 2002. Tazama mambo yaliyotokea katikati.

Mwaka 1994 nchi ya Rwanda ilikuwa katika vita na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Tarehe 28 na 29 Aprili, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania, kwa muda wa siku moja hivi. Wengine waliendelea kuja. Wilayani Ngara wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Walihitaji maji, chakula, kuni na dawa. Desemba 1996 karibu watu nusu milioni walirudishwa Rwanda. Basi, sensa ya 1988 ilifanyika kabla hawajaja. Ile ya 2002 ilifanyika wamekwisha ondoka. Watu wote hao hawakuhesabiwa katika sensa hata moja, ingawa miti waliyokata kwa kuni wenyeji waliiona imekwisha.

Hao walihesabiwa makambini, kwa kuandikisha familia. Huko nako kazi ilikuwa ngumu. Chakula kiligawiwa kwa idadi ya watu, kwa hiyo zilikuwapo familia zilizojiandikisha mara mbili. Tusishangae sana. Mwenye watoto wenye njaa hufanya mengi.

Ipo njia ya tatu, nayo unaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Chukua kijiji cha mfano. Mwanzo wa mwaka kina watu 1,200. Watoto 50 wanazaliwa. Watu 15 wanakufa.

1,200 + 50 – 15 = 1,235

Lakini mwisho wa mwaka tunahesabu watu 1,260. Wamezidi 25. Hao 25 ni tofauti kati ya waliohamia na waliohama. Nchi nzima huhesabiwa vivyo hivyo. Lakini angalia: huenda walikuja 25 na hakuondoka mtu. Au walikuja 325 wakaondoka 300. Jibu ni lile lile 25, lakini vijiji hivyo viwili havifanani hata kidogo. Mwalimu wa shule yenye watoto wapya kila mwezi anaijua tofauti hiyo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mama muuza maharage si mhamiaji?

2. Kijiji kilikuwa na watu 900. Wakazaliwa 40, wakafa 10. Mwisho wa mwaka wako watu 910. Je, waliohamia ni wengi kuliko waliohama? Tofauti yao ni watu wangapi?

3. Katika kaya yako, nani anaishi nchi nyingine? Sensa ikifanyika kesho, nani atamtaja?