Gari Linapokawia Kuchanganya: Somo kwa Kamati na Madereva wa Vyama

Gari la chama likikanyagwa mafuta, nalo likasita sekunde mbili au tatu kabla ya kuchanganya, hatari ni mbili. Ya kwanza ni ya barabarani: dereva aliyepima nafasi ya kulipita lori hujikuta bado yuko upande usio wake, na gari la mbele limekwisha kumkaribia. Ya pili ni ya fedha za wanachama: huagizwa pampu, kisha nozeli, kisha tabo, na ugonjwa ukabaki pale pale. Somo hili lahusu namna ya kuutafuta ugonjwa kabla ya kununua kipuri. Mfano wetu ni pikapu ya dizeli yenye tabo, iliyoundwa miaka ya karibuni.

Katika magari ya zamani, pedali ya mafuta iliunganishwa kwa waya na kabureta au pampu, hivyo mguu wa dereva ndio ulioamuru. Katika magari mengi ya sasa waya huo haupo. Penye pedali mna sensa mbili zinazoiarifu kompyuta ya injini jinsi mguu ulivyokanyaga; kompyuta nayo hulinganisha habari hiyo na kiasi cha hewa, joto la injini na shinikizo la mafuta, ndipo inapotoa idhini. Sensa zile mbili zisipokubaliana, kompyuta haimsadiki dereva, bali hupunguza nguvu ili gari lijikongoje hadi gereji. Kwa hiyo kukawia kwaweza kuwa ni uamuzi wa mashine, wala si uchovu wake.

Yafaa kwanza ijulikane kama kweli kuna ugonjwa. Tabo huzungushwa na moshi utokao katika injini, na injini ikiwa katika mizunguko midogo moshi huo ni haba. Kusita kidogo ni tabia ya maumbile yake. Injini isiyo na tabo, kwa upande wake, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ya milimani ni nyepesi. Gari dogo lililozoea Tanga likifika Njombe lisilaumiwe bure.

Kisha dereva atazame mshale wa mizunguko ya injini. Ukiruka juu hali mwendo hauongezeki, injini haina kosa: klachi inateleza, au giaboksi ya otomatiki ina hitilafu. Ukipanda kwa uzito pamoja na mwendo, ndipo tuitazame injini. Hapo dereva ndiye shahidi wa kwanza, na maelezo yake yaandikwe katika daftari la gari: je, hali hiyo hutokea injini ikiwa baridi au moto? Ilianza baada ya kujaza mafuta mahali fulani? Huzidi akipandisha Kitonga na mzigo? Na moshi una rangi gani? Moshi mweusi mzito aghalabu huonyesha kwamba mafuta yapo ila hewa haitoshi. Gari lisilo na nguvu na lisilotoa moshi huelekeza shaka kwenye mafuta.

Baada ya hapo kompyuta iulizwe. Chini ya dashibodi, karibu na usukani, kuna tundu la kuchomekea kipimo, nacho husoma namba za makosa. P0299 maana yake tabo haisukumi hewa ya kutosha. P0087, shinikizo la mafuta liko chini. Namba haitaji kipuri kilichokufa, hutaja dalili tu. P0299 yaweza kuletwa na mpira uliopasuka, ambao bei yake haikaribii bei ya tabo. Fundi anayefuta namba kabla ya kuziandika ni sawa na mtunza hazina anayechana ukurasa wa daftari la hesabu.

Ukaguzi uanze upande wa hewa, kwa kuwa ndio rahisi na ndio wenye makosa mengi. Chujio la hewa likijaa vumbi la msimu wa mavuno, injini hukabwa koo. Mipira mikubwa kati ya tabo na injini ikaguliwe yote, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Penye ufa au kibano kilicholegea mara nyingi huonekana unyevu wa oili, na barabarani husikika mlio wa upepo gari likiwa na mzigo. Sensa ya kupimia hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu tu, bila kuguswa kwa kidole wala kitambaa. Masizi nayo huziba njia ya kurudishia moshi katika injini, na hukwamisha mabawa ya tabo.

Upande wa mafuta, chujio la dizeli libadilishwe kwa wakati wake, na maji yaliyotuama chini yake yamwagwe, hasa kwa magari yanayojazwa kutoka madumu. Mipaka ya dereva iishie hapo. Injini ikibeba mzigo, shinikizo katika mabomba membamba ya kuelekea nozeli huweza kuzidi mara 500 upepo wa tairi la gari dogo. Ni marufuku kulegeza bomba hilo injini ikiunguruma: dizeli hupenya ngozi, kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, na mkono waweza kupotea. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama hasikii maumivu.

Kwa magari ya petroli njia ni hiyo hiyo, ila ziongezwe plagi, koili na mlango wa hewa, ambao hushika utando mweusi. Baada ya kuusafisha, baadhi ya magari huhitaji kompyuta ifundishwe upya, la sivyo injini hubaki ikitetemeka.

Gari likitengenezwa, lisipokewe kwa kuungurumishwa uani. Lipelekwe barabara ile ile, kwa mzigo ule ule, fundi akiwa ndani. Kisha kipimo kichomekwe tena na matokeo yaandikwe chini ya yale ya mwanzo, kabla malipo hayajatiwa sahihi.