Fedha za Mafuta Zilivyofungwa kwa Kura

Mwaka 1969 jimbo la Alaska, lililo kaskazini kabisa ya Marekani, lilipata dola milioni 900 kwa mnada mmoja. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa Prudhoe Bay mwaka uliotangulia, na makampuni yalilipa fedha hizo ili yapewe haki ya kuchimba. Zilipita matumizi ya serikali ya jimbo ya mwaka mzima. Lakini baada ya miaka michache tu zilikuwa zimekwisha.

Basi watu walishauriana kwamba sehemu ya mapato iwekwe amana. Palikuwa na kizuizi: Katiba ya Alaska ilikataza kutenga mapato fulani kwa kazi moja. Kwa hiyo ilipasa Katiba yenyewe ibadilishwe, na jambo hilo sharti lipigiwe kura na raia. Tarehe 2 Novemba 1976, watu 75,588 walikubali na 38,518 wakakataa. Ndivyo ilivyopatikana Hazina ya Kudumu.

Yafaa kuangalia sana ni fedha zipi zilizotajwa. Si mapato yote ya mafuta. Ni robo, au zaidi, ya kodi ya ardhi ya madini, na ya mrabaha, yaani fungu la mwenye ardhi katika kila kinachochimbwa, pamoja na malipo mengine ya namna hiyo. Ushuru wanaotozwa wachimbaji haukuguswa. Nami naona hapo palikuwa na busara, maana mafuta yakishatoka ardhini hayarudi. Mrabaha ni bei ya ng'ombe aliyeuzwa, si bei ya maziwa.

Tena Katiba yasema mtaji usitumiwe ila kwa kuleta faida. Lakini faida yenyewe iliachwa mikononi mwa sheria ya kawaida, na ugomvi ukazaliwa hapo. Tangu mwaka 1982 kila mkaaji, mkubwa kwa mdogo, hupewa mgawo. Wa kwanza ulikuwa dola 1,000. Mwaka 1999 wenyeji waliulizwa kama serikali yaweza kutumia sehemu ya faida, na watu wapatao 83 katika kila mia wakasema hapana. Hata hivyo kura ile ilikuwa ya kuomba shauri tu. Mwaka 2016 Gavana Bill Walker alipunguza mgawo karibu nusu, watu wakamshtaki. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Alaska iliamua kwamba alikuwa na haki, kwa kuwa kura ya mwaka 1976 ililinda mtaji, wala haikumwahidi mtu mgawo.