Ninunue majina mafupi ya intaneti?

Swali: Nimeuza mahindi, nina shilingi milioni mbili. Rafiki ananishauri ninunue majina mafupi ya tovuti, niyauze ghali baadaye. Yanalipa? – Msomaji, Sumbawanga

Jibu: Ndugu yangu, usiweke fedha zako huko. Majina ya herufi mbili yanayoishia na .com ni 676 tu, ya herufi tatu 17,576, na yote yalishachukuliwa zamani. Ni kweli Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, lakini mauzo ya namna hiyo ni ya nadra mno. Jina hulipiwa ada kila mwaka, apatikane mnunuzi au asipatikane. Ukiacha kulipa, linakutoka. Mahindi yakikosa bei hapa Ufipa, angalau familia inasaga na kula.

Wala usisajili jina la kampuni ya mtu ukitegemea aje kulikomboa. Tangu 1999 upo utaratibu wa kimataifa wa kumnyang'anya anayefanya hivyo kwa nia mbaya.

Mimi ningesajili jina moja tu la .co.tz, la biashara yako mwenyewe ya mahindi na maharage, ili mnunuzi wa Tunduma au Dar es Salaam akupate bila kupitia dalali.