Kompyuta Inapohifadhi Yenyewe

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Hapa Karatu umeme ukikatika wakati unachapa kwenye kompyuta ya mezani, skrini huzima papo hapo. Ndiyo maana wengi hufurahi wakiambiwa kwamba programu "inahifadhi yenyewe". Lakini kuhifadhi huko ni kwa aina mbili, na anayezichanganya huweza kupata hasara.

Aina ya kwanza ni nakala ya dharura. Programu ya Word huiweka pembeni kila dakika 10, na baada ya ajali hukuletea uirejeshe. Faili lako lenyewe huwa halijaguswa. Ukiona dakika 10 ni nyingi, fungua File, Options, kisha Save, uandike 2. LibreOffice nayo inao mpango huo. (Asili yake ni OpenOffice, ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.) Aina hii usiizime kamwe.

Aina ya pili huitwa AutoSave. Hii huandika juu ya faili lenyewe kila baada ya muda mfupi, na katika Word na Excel hufanya kazi kwa mafaili yaliyowekwa OneDrive au SharePoint. Hapa ndipo pa kuangalia sana! Tuseme katibu wa madrasa amefungua daftari la ada la mwaka 1446 ili alifanye la 1447. Anafuta majina, anaingiza mapya, akikusudia kulipa faili jina jingine mwishoni. Zamani hapakuwa na ubaya. AutoSave ikiwa imewashwa, daftari la 1446 limeshabadilika kabla hajafika huko mwishoni, pamoja na madeni ya wazazi yaliyokuwamo. Nasi tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni.

Kwa hiyo toa nakala kwanza, halafu ndipo ubadilishe. Au zima swichi ya AutoSave iliyo juu kushoto. Hiyo ni ya faili lililo mbele yako tu. Ukitaka programu nzima isiwashe yenyewe, rudi File, Options, Save, uondoe alama ya vema penye AutoSave. Kumbuka kwamba ukiiondoa katika Excel, Word haihusiki. Kila programu huwekewa yake.

Google Docs haina swichi hiyo, huhifadhi wakati wote.

Je, kama daftari limeshaharibika? Acha kuchapa. Katika Google Docs fungua File, kisha Version history. Katika Excel pitia File, Info, Version History. Tafuta toleo la kabla ya kosa, lifungue, hakikisha majina na madeni yamo, ndipo ulirejeshe.