Bomu la Zamani Halijafa

Tukilima huku Kibondo na Kasulu tunaweza kukuta chuma chenye kutu, kumbe ni bomu. Wengine husema, "Hilo la zamani, limeshakufa." Si kweli!

Novemba 2017 jirani zetu wa Ngara walipata msiba. Mwanafunzi wa shule ya Kihinga aliokota bomu la mkono. Alidhani ni chuma chakavu, akaenda nalo shuleni. Likalipuka. Watoto walikufa, na zaidi ya 40 waliumia.

Makombora ya mizinga ni hivyo hivyo. Vita ya 1914 hadi 1918 ilifika hata Kigoma. Huko Ubelgiji, kombora la vita hiyo liliua wafanyakazi wawili mwaka 2014. Miaka karibu 100 ilikuwa imepita!

Kwa nini? Kutu hula ganda la nje, lakini baruti ya ndani hubaki kali. Tena kiwashio kikiharibika, kuligusa tu kunaweza kulilipua.

Basi tukiliona:
1. Tusiliguse, tusiligonge, tusilichome moto.
2. Tusiliuze kama chuma chakavu.
3. Tuweke alama kwa mbali, tuwazuie watoto.
4. Tumwambie mwenyekiti wa kijiji au polisi upesi.

Swali: Je, kutu huondoa hatari ya bomu? Eleza.